Salio la mchango wa mtoto: liende kwenye utafiti wa kinga, au libaki la dawa?

Kutoka: Mama Mdogo, South B

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Binti wa dada yangu, yule mliyemchangia akapandikizwa figo hapa Nairobi, anaendelea vizuri na amerudi shule. Mungu awazidishie. Sasa kwenye mfuko limebaki salio, na kuna mwanakamati amependekeza tulipeleke kwenye utafiti wa kinga ya mwili ya watoto waliopandikizwa viungo. Wakati huohuo kliniki wamemwomba dada aruhusu mtoto atolewe damu ya utafiti kila akienda kupimwa. Shemeji hataki hata kusikia. Anasema mtoto ameshachomwa sindano za kutosha.

Mnaojua mambo haya, huo utafiti unatafuta nini ambacho hakijajulikana kwa watu wazima? Na hizi hela zetu za Watanzania wa Nairobi zitafaa nini huko?

Kutoka: Mzee wa Ngara

Marahaba mwanangu.

Mimi napinga. Watu walitoa fedha ya matibabu, wengine walijinyima. Kuihamishia kwenye jambo lingine bila kuwauliza si haki. Mtoto atameza dawa za kushusha kinga muda wote atakaokuwa na figo hiyo, na mnajua bei ya dawa. Utafiti una wenyewe, Wamarekani na Wazungu, na fedha wanayo. Halafu hizo damu zinakwenda wapi? Tangu lini sisi tukaletewa majibu?

Kutoka: Dada wa Maabara, Ngong Road

Shikamoo Mzee. Hoja ya kuwauliza waliochanga ni ya haki, naiunga mkono. Hilo la "una wenyewe" nalijibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kinga ya mtoto si ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Mwaka 2001 Lori West na wenzake wa Toronto walichapisha habari za watoto wachanga waliowekewa mioyo ya watu wa kundi la damu lisilolingana nao, jambo ambalo kwa mtu mzima lingekuwa hatari kubwa. Wachanga walihimili kwa sababu kingamwili za kupambana na makundi mengine ya damu zilikuwa hazijajengeka. Kumbe umri peke yake unabadilisha namna mwili unavyokipokea kiungo. Hilo hulipati kwa kuwapima watu wazima.

Sasa njooni huku kwetu. Kuna kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Kiligunduliwa mwaka 1964 ndani ya chembe za uvimbe wa mtoto zilizopelekwa London kutoka Uganda, kwa hiyo Mzee usidhani Afrika Mashariki ni mgeni kwenye habari hizi. Kwa mtoto aliyepandikizwa hatari kubwa ni pale ambapo hajawahi kukipata, halafu akapewa figo ya mtu mzima anayekibeba: kinga imeshushwa na dawa, kirusi kinapata upenyo, chembe za limfu, zile za kinga ndani ya damu, zinaweza kuzaana hadi kuwa saratani. Ulaya na Marekani watoto wengi hufika chumba cha upasuaji bila kukutana nacho. Huku wengi hukipata wakiwa wadogo sana. Takwimu za kule haziwezi kunakiliwa tu na kubandikwa kwa mtoto wa South B.

Na dawa yenyewe ya kushusha kinga, takrolimasi. Kwenye ini na utumbo kuna kimeng'enya kinachoivunja. Waafrika wengi tumerithi aina inayofanya kazi kwa nguvu, Wazungu wengi hawana, kwa hiyo dozi inayomtosha mtoto wa London huenda isimfikishe wetu kwenye kiwango kinachotakiwa ndani ya damu. Ikipungua, mwili unaanza kuikataa figo. Ikizidi, dawa hiyohiyo inaiumiza figo. Ndiyo maana anapimwa kila mara, na ndiyo maana tunawasisitizia wazazi: asubuhi ya kipimo asimeze dawa mpaka kile kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau kijae. Akishameza nyumbani, jibu linatoka kubwa kuliko kiwango halisi na daktari anaweza kupunguza dozi bure.

Kuhusu fedha. Marekani, taasisi yao ya mzio na magonjwa ya kuambukiza, NIAID, ilianzisha mpango maalumu wa majaribio kwa watoto waliopandikizwa, CTOT-C, ukaunganisha hospitali nyingi maana hospitali moja haipati watoto wa kutosha. Ruzuku za namna ile zinashindaniwa kwa maandiko mazito, na salio letu haliwezi kuonekana mle. Kwa hiyo msitume hela kwenye chungu kinachoitwa "utafiti". Hela ndogo inafaa mahali padogo: nauli ya mtoto wa mbali asikose kliniki ya ufuatiliaji, kipimo cha dawa cha familia iliyoishiwa, naitrojeni ya kugandishia chembe za damu ya utafiti. Chembe hai lazima zitenganishwe na damu ndani ya saa chache, na mnaijua foleni ya Mombasa Road. Mtoto akikosa kliniki mfululizo, takwimu zake zinakatika na gharama ya mwanzo inakuwa imepotea. Wafadhili wakubwa hupenda kununua mashine. Nauli hawaioni.

Kutoka: Kaka Mkaguzi, Donholm

Naongeza kwa ajili ya shemeji. Kenya utafiti wa namna hii lazima upitishwe na kamati ya maadili na uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Aombe kuona vyote viwili, ni haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi. Fomu isomwe kwa Kiswahili, aulize sampuli zitakaa wapi, nani atazitumia baadaye, na kama damu inaweza kuchukuliwa kwenye sindano ileile ya kliniki. Akikataa, matibabu yasiguswe. Akikubali leo akaghairi kesho, ruksa.

Kutoka: Mama Mdogo, South B

Asanteni. Hilo la sindano moja nadhani ndilo litakalomlainisha shemeji. Swali la haraka: Desemba wanakwenda Moshi kwa bibi. Cheti cha homa ya manjano?

Kutoka: Dada wa Maabara, Ngong Road

Asichomwe! Ile ni chanjo ya kirusi hai, sawa na ya surua, na kinga yake imeshushwa. Daktari wake amwandikie msamaha wenye sababu, asaini na kugonga muhuri kabla hawajafika mpakani Namanga. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Bibi aambiwe hakuna balungi, linapandisha takrolimasi. Na akiharisha, msikae nalo nyumbani, apigiwe daktari siku hiyohiyo, maana kiwango cha dawa huweza kupanda.

Kutoka: Mzee wa Ngara

Nimekubali nusu. Kwanza itengwe ya dawa za mtoto, kiasi aseme dada yake Mama Mdogo, si sisi. Kinachobaki kiende kwenye nauli na vipimo vya watoto walio kwenye ufuatiliaji, kilipwe akaunti ya hospitali yenyewe na risiti ibandikwe hapa, si simu ya mtu. Anayetaka kurudishiwa mchango wake aandike kabla ya Ijumaa, hatatazamwa vibaya. Wengine tupige kura Jumapili. Katibu, tuma orodha ya waliochanga.