Wauza kompyuta Kariakoo, simuleta ya ndege haiendeshwi kwa wingi wa kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa)!

Wakuu heshima kwenu. Mods naomba msiuhamishe huu uzi, waache wanunuzi wauone.

Dogo kamaliza form six, anautaka urubani kufa na kupona. Mzee kajikamua, kampa milioni moja na laki mbili atafute mashine ya kurushia Microsoft Flight Simulator 2020 (mchezo wa kuigiza urubani kwenye kompyuta). Kaingia duka moja Kariakoo (jina nalihifadhi), kaeleza vizuri kabisa anataka ya kazi gani. Jamaa anamjibu, "Chukua Xeon mdogo wangu, kori 14 hizi! i3 na Ryzen 5 ni za kuchapia barua." Dogo karudi na HP Z440 ya mtumba, ndani Xeon E5-2680 v4. Prosesa ya seva ya 2016, ikijitutumua sana inagota 3.3 GHz!

Simuleta ile mzigo wake mkubwa unapita kwenye thredi moja kuu, yaani mlolongo wa kazi unaobebwa na kori moja kwa wakati. Kuirundikia kori 14 zenye spidi ndogo ni kuajiri vibarua 14 wachimbe shimo linaloingia mtu mmoja.

Nikaiwasha mwenyewe. Juu ya bahari inakwenda. Geukia uwanja wa JNIA utue, majengo ya Dar yaanze kujichora, picha inakatakata mpaka njia ya kutua inakupita. Nikawasha kile kidirisha cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde): "Limited by MainThread", yaani thredi kuu ndiyo inayobana, nyekundu kabisa, na Task Manager inaonyesha CPU haijatumika hata robo. Nikashusha ubora wa picha kutoka 1080 hadi 720 ili kadi ya grafiki ipunguziwe mzigo, fremu hazikusogea. Kwa hiyo kadi ya grafiki haina kesi hapa. Kufungua kava nakuta kijiti kimoja cha RAM, kwenye mazabodi yenye chaneli nne (njia za RAM kwenda kwenye prosesa). Kimoja!

Tumerudi dukani, jamaa anasema tuongeze kadi kubwa "itakaa sawa". Yaani anataka atuuzie tena! Kuhusu kurudisha, anatuonyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa taarifa yake, prosesa ya i3-12100F ya 2022 ina kori 4 tu, inafika 4.3 GHz, na kwenye kazi hii inaiacha hiyo Xeon mbali. Ryzen 5 5600 ndiyo ningempa dogo: kori 6, 4.4 GHz, kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) 32MB, wati 65 dhidi ya 120 za Xeon (LUKU tunalipa sisi, siyo yeye). Halafu soketi yake ya AM4 (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) inakuachia mlango: ukipata hela, unasasisha BIOS (programu ya mazabodi) na kuchomeka Ryzen 7 5800X3D yenye kache 96MB, ambayo watu wa simuleta wanaigombania tangu 2022. Asije mtu hapa na hoja kwamba Xeon nayo ina 35MB. Ina, ila kori zenyewe ni za kizamani na nzito.

Na mkisikia "5500 au 5600G ni ile ile 5600", kimbieni. Hizo kache yake ni 16MB, nusu.

Kama kuna mtu wa kurenda video au wa seva anaihitaji hii Z440, aje PM, kwake kori 14 zitapata kazi. Na wewe muuzaji, najua humu unapita: tunataka kubadilishiwa, na risiti ya EFD tunayo.