Tupeane uzoefu: sosi ya tatari ya kutengeneza nyumbani, wewe ilikukatikia wapi?

Mwiko wa Mbao (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza sosi ya tatari, ile mayonezi (viini vya mayai vilivyochapwa na mafuta) inayochanganywa na matango ya siki yaliyokatwa, ya kulia samaki. Naandika huku bakuli liko mbele yangu na samaki nimeshampaka unga, anasubiri kuingia kikaangoni. Viini viwili, mafuta karibu kikombe na nusu, nimechapa mpaka bega linauma. Nilichonacho sasa ni uji wa njano wenye chembechembe, na mafuta yanaelea juu. Ilianza vizuri kabisa! Ilikuwa nzito, inang'aa, nikajiamini, nikamimina mafuta yote yaliyobaki kwa mkupuo mmoja. Haikufika nusu dakika ikakatika, yaani ikalegea na mafuta yakaachana na viini, huku naiangalia.

Hii ni mara ya tatu, na imenikumbusha mara ya kwanza nilipolia jikoni kwa ajili ya sosi. Basi nikaona tupeane uzoefu. Wewe uliyewahi kuitengeneza kuanzia kwenye yai, si ya kufungua chupa ya mayonezi ukachanganya, tuambie ilikukatikia wapi na uliiokoaje. Na anayejua la kufanya na bakuli hili aseme haraka, tafadhali.

Kiini Kimoja
USIMWAGE. Chukua bakuli jingine safi, weka kiini kipya kimoja na haradali kijiko kidogo, chapa vichanganyike. Halafu hiyo iliyokatika ndiyo iwe mafuta yako. Tia kijiko kidogo, chapa mpaka kipotee, tia kingine. Ukiona imeanza kushika ndipo umimine uzi mwembamba. Humo hakuna kilichopotea, dada.

Jiko la Pili
Kiini kingine cha nini? Maji ya moto kijiko kimoja yanatosha. Weka maji kwenye bakuli safi, anza kuchapa ile iliyokatika humo kidogo kidogo. Mimi hufanya hivyo kila mara.

Kiini Kimoja
Maji yanafaa pale ilipokatika kwa kuwa nzito mno, mafuta yameizidi. Huyu amemimina kwa mkupuo na imeshakuwa uji. Aongeze kiini.

Jiko la Pili
Na mimi nasema yanafaa hata hapo. Nimefanya kwa mikono yangu, sijasimuliwa.

Bibi Haradali
Mayai uliyatoa friji saa ngapi? Kiini kikiwa baridi kinashika mafuta kwa shida. Mimi nayatoa saa nzima kabla.

Mkono Mzito
Naunga mkono. Yai la friji limenitesa sana.

Fundi Bakuli
Kisa changu hakikuwa cha kukatika, kilikuwa cha uchungu. Nilikuwa na mafuta ya zeituni mazuri, yale ya kukamuliwa bila moto, nikasema leo nafanya kitu cha heshima. Nikatia kila kitu kwenye blenda, nikawasha kasi ya mwisho. Mayonezi ikashika kama siagi. Nikakata matango ya siki, nikakata kepa (vile vichipukizi vya maua vya kuhifadhiwa kwa chumvi au siki), pasli, kitunguu, nikachanganya. Nikaonja. Uchungu! Uchungu unaokwaruza koo, unabaki ulimini hata ukinywa maji. Nikaongeza limau, ukabaki. Nikaongeza sukari, ukabaki pale pale na utamu juu yake. Kumbe mafuta ya zeituni ya namna ile yana vitu vichungu vya asili ambavyo blenda ikiyapiga kwa nguvu huvisambaza vyote ulimini. Siku hizi natumia mafuta ya alizeti yasiyo na harufu, na kama nataka ladha ya zeituni naongeza vijiko viwili mwishoni kwa mkono. Tangu hapo sijaona uchungu tena.

Nyuzi Saba
Aah! Na mimi nilidhani ni limau langu. Miaka miwili nalilaumu limau bure.

Mchapo wa Usiku
Sukari kwenye sosi ya tatari? Jamani.

Fundi Bakuli
Nilikuwa naokoa jahazi, mkuu. Ila hata siku ya kawaida chembe ya sukari haiharibu kitu kama matango yako ni makali.

Mchapo wa Usiku
Inaharibu. Ukali ndio kazi ya sosi hii. Samaki wa kukaanga ana mafuta, anahitaji kitu kinachokata mafuta. Ukitia sukari umeondoa kisu.

Mama wa Zamu
Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme langu, kwa sababu nyote mnaongelea kukatika na uchungu, na mimi sosi hii ilinipeleka mahali pengine kabisa.

Ilikuwa sherehe ya nyumbani, watu thelathini na kitu. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi ndiye niliyejitolea samaki na sosi. Nilitengeneza bakuli kubwa asubuhi, viini sita vibichi, na siku hiyo ilitoka vizuri kuliko siku zote: nyeupe yenye unjano kwa mbali, kijani cha pasli kimetawanyika, kijiko ukikisimika kinasimama. Nilijivunia sana. Nikaiweka mezani saa sita mchana ili watu waione. Jua likahama, kivuli kikaondoka, bakuli likabaki pale pale. Watu walichelewa. Chakula kilianza saa kumi. Niliona juu imefanya ngozi nyembamba inayong'aa, nikaikoroga tu ikapotea, nikaendelea kugawa.

Usiku wa pili simu ikaanza. Kwanza shemeji, tumbo. Halafu watoto wawili wa jirani. Halafu mama akanipigia, hakusalimia, akasema, "Njoo, dada yako hasimami." Nilimkuta sakafuni bafuni, ameegemea ukuta, midomo imekauka, ana homa, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Aliniuliza swali moja tu: "Mtoto anacheza?" Mimi ningejuaje? Nilipiga magoti pale nikaweka kiganja changu juu ya tumbo lake, nikangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani mwangu.

Alitundikiwa maji siku mbili. Vipimo vilionyesha salmonela, vijidudu vinavyoweza kuwa kwenye yai bichi. Mtoto alicheza, alizaliwa salama, na sasa anaongea kuliko sisi sote. Lakini mimi nilikaa zaidi ya mwaka bila kuvunja yai bichi kwenye chakula cha mtu mwingine. Naomba tu, anayetengeneza hii sosi kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, asitumie yai bichi. Na isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Mwiko wa Mbao (mleta uzi)
Mama wa Zamu, pole sana. Nimeacha kuchapa nikakaa chini. Hapo kwenye kiganja nimesikia mpaka tumboni kwangu.

Nyuzi Saba
Pole mno. Dada mtu hajambo sasa?

Mama wa Zamu
Hajambo kabisa, asante. Na sosi anakula, ila anauliza kwanza.

Jiko la Pili
Pole sana mama. Lakini tusitishane, wakuu. Nyumbani kwetu tumekula mayonezi ya yai bichi tangu utoto na hakuna aliyeugua. Limau na siki huua vijidudu.

Bibi Haradali
Hapana, mwanangu. Limau linasaidia kuvizuia, haliviui papo hapo kama moto unavyofanya. Na wewe huwezi kujua kwa macho yai lipi lina vijidudu. Linaweza kuwa safi, halina ufa, likawa navyo ndani.

Jiko la Pili
Basi na mayai ya kukaanga yenye kiini laini tuache?

Kiini Kimoja
Hujaambiwa uache. Umeambiwa usimpe mjamzito. Soma vizuri.

Jiko la Pili
Nimesoma, na sipendi lugha hiyo.

Mtunza Mizani
Ndugu zangu, taratibu. Ipo njia ya kupata mayonezi ileile bila yai bichi. Weka viini kwenye bakuli la chuma pamoja na maji ya limau na maji kidogo, kwa viini viwili tia vijiko vikubwa viwili hivi. Liweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji. Koroga bila kuacha mpaka ifike nyuzijoto 71. Kipimajoto ni muhimu, kwa kuwa ukizidisha kidogo tu unapata mayai ya kuvuruga. Ikifika hapo chovya kitako cha bakuli kwenye maji baridi, ikipoa ndipo uanze na mafuta tone kwa tone. Inashika vizuri, tena haikatiki kirahisi.

Mpishi Mstaafu
Vijana, mnasumbuka na yai bichi wakati sosi yenyewe kwa asili haikulihitaji hivyo. Nilifundishwa kazi na mtu aliyefuata njia ya Kifaransa ya zamani. Auguste Escoffier, kwenye kitabu chake cha mapishi cha 1903, anaanza sosi ya tatari kwa viini vya mayai YALIYOCHEMSHWA yakawa magumu. Unavisaga mpaka viwe laini kama losheni, chumvi, pilipili manga, unatia mafuta pole pole na siki. Kijani chake ni cha majani ya kitunguu. Mambo ya kepa na matango ya siki yamezoeleka baadaye, na sina ugomvi nayo.

Siri iko kwenye kusaga. Kiini cha kuchemsha kikibaki na punje hata moja, utaikuta ulimini. Mimi hukipitisha kwenye chujio, nakisukuma kwa mgongo wa kijiko, kisha naongeza haradali kijiko kidogo ndipo naanza mafuta. Haitakuwa nyororo kama ya yai bichi, ina uzito wake, lakini kwenye samaki mimi naipenda zaidi. Ule ute mgumu uliobaki ukatekate mwishoni uchanganye humo.

Mama wa Zamu
Mzee wangu, hii sikuwahi kuisikia. Naandika kwenye karatasi sasa hivi.

Mchapo wa Usiku
Ute ndani ya sosi ya tatari? Hiyo si ile sosi nyingine ya mayai ya kuchemsha wanayoiita gribishi?

Mpishi Mstaafu
Karibu kabisa na hiyo. Ndugu moja, nyumba tofauti. Ukitaka uache ute, acha.

Mkono Mzito
Na wasiokula mayai kabisa? Mke wangu yai likimgusa anavimba midomo.

Mtunza Mizani
Maziwa, kaka. Kipimo kimoja cha maziwa baridi, viwili vya mafuta, kwenye kopo refu jembamba. Zamisha blenda ya mkono mpaka chini, iwashe bila kuiinua. Ikianza kuwa nyeupe chini ndipo uipandishe taratibu. Tia limau mwishoni, itazidi kushika. Nyingine ni maji yaliyochemshiwa dengu, nayo hushika mafuta.

Mkono Mzito
Maji ya dengu! Mungu akubariki, mkuu.

Fundi Bakuli
Kuna kitu hakuna aliyetaja, nacho kinaharibu sosi kuliko kukatika. MAJI. Umefanya mayonezi safi, halafu unakata matango ya siki unayatupia humo yakiwa yanadondoka. Baada ya saa moja una supu. Kata vidogo, weka kwenye kitambaa safi, kamua mpaka kitambaa kilowe. Kepa vilevile, osha chumvi yake kisha kamua. Kitunguu kinyunyizie chumvi, kikae dakika kumi, kamua. Utashangaa maji yanayotoka.

Vipimo vyangu: mayonezi kikombe kimoja, matango vijiko vikubwa vitatu, kepa kijiko kikubwa kimoja, kitunguu kilichokatwa kijiko kikubwa kimoja, pasli vijiko vikubwa viwili, haradali kijiko kidogo, limau kwa kuonja. Kisha friji saa moja kabla ya kula. Ikionjwa papo hapo utadhani imepungukiwa chumvi, ukaongeza, kesho hailiki.

Nyuzi Saba
Kepa mimi siweki. Zinanuka dawa.

Mchapo wa Usiku
Basi hiyo si tatari, ni mayonezi yenye matango.

Nyuzi Saba
Mzee wa juu kasema hata ya zamani haikuwa na kepa. Msome yeye kwanza.

Bibi Haradali
Mimi naweka shibiti badala ya pasli na sijaona aliyelalamika. Na msigandishe kwenye friza kuhifadhi. Nilijaribu. Ilipoyeyuka ikawa mafuta huku na maji kule, haikurudi.

Mwiko wa Mbao (mleta uzi)
Narudi, wakuu. Nimefuata ya Kiini Kimoja. Kiini kipya, haradali, kitambaa kibichi chini ya bakuli lisizunguke. Kijiko cha kwanza cha ule uji kilipoingia nilishika pumzi. Kikapotea. Cha pili kikapotea. Cha tano hivi nikasikia mchapo umebadilika mlio, unavuta, na alama zake zinabaki juu ya bakuli hazifutiki. Nikamimina uliobaki kwa uzi mwembamba kama wa kushonea. IMESHIKA! Imerudi yote, na matango nimeyakamua mpaka vidole vimeganda.

Ila mama mkwe analala hapa leo na ana miaka sabini na sita. Baada ya kumsoma Mama wa Zamu, hii tutakula mimi na mume wangu. Ya mama nimeweka mayai mawili yachemke sasa hivi, naifanya ya mzee.

Mama wa Zamu
Asante, mwanangu.

Mpishi Mstaafu
Dakika kumi tangu yaanze kuchemka, kisha maji baridi. Na usisahau chujio.

Mwiko wa Mbao (mleta uzi)
Sawa mzee. Chujio liko mkononi. Na huu ute wa mayai matatu mabichi ulionibakia naupeleka wapi?

Mkono Mzito
Weka friji, kesho tufungue uzi wake.