Visu vya minofu havikai na makali: ninoe mwenyewe au niendelee na fundi?

Muuza Minofu, Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nakaanga sato na kutoa minofu ya sangara kwa oda. Visu vyangu nampelekea fundi mwenye grinda ya umeme. Vikirudi vinakata kama wembe, siku ya tatu nimeshaanza kusukumana na nyama. Mara ya mwisho kile chembamba cha minofu kimerudi ncha ina rangi ya bluu. Juzi kikateleza kwenye magamba, kikanikata kidole. Ninunue jiwe nijifunze, au nitafute fundi mwingine?

Mpishi wa Pasiansi
Pole sana dada kwa kidole. Hiyo bluu ndiyo ugonjwa wenyewe. Chuma kimepata moto kupita kiasi na ugumu wake umetoka, hivyo pale penye bluu hapatashika makali. Kisu chembamba ndicho huwahi kuungua. Tafuta fundi anayezungusha jiwe polepole na kulimwagia maji.

Mzee wa Mwaloni
Binti yangu, nunua jiwe. Lenye pande mbili, namba 400 (punje kubwa, la kuanzia) na 1000 (punje laini, la kumalizia), linakutosha. Kama ni la maji, liloweke mpaka liache kutoa mapovu, halafu liweke juu ya kitambaa kibichi lisitembee.

Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha nusu tena. Hapo ni kama nyuzi 22. Cha minofu kilaze zaidi kidogo. Pitisha kuanzia kwenye mpini hadi ncha bila kukandamiza, ulalo usibadilike. Mkono ukichoka pumzika, maana ulalo ukiyumba umeharibu kazi yote.

Kisha papasa upande wa pili kwa kidole gumba, ukitokea mgongoni kwenda nje, usifuate urefu wa makali. Utasikia kaukingo kamejikunja, kanakwaruza. Kakitokea urefu mzima, geuza upande. Mwisho pitisha mkono mwepesi kwa zamu, huku na huku, mpaka kaishe. Mafundi wengi wanakaacha, na ndiko kanakokata vizuri siku ya kwanza. Kakikatika, kisu kimekufa. Nadhani na chako ni hivyohivyo, ukiacha ile bluu.

Mama Lishe Igoma
Mzee, shikamoo. Kwa heshima napingana kidogo. Mimi nina visu kumi na naamka saa kumi usiku, hiyo subira ya jiwe siipati. Na kisu kilichomeguka meno, au cha mkate chenye meno ya msumeno, ni cha fundi tu.

Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Kilichomeguka nakubali, kipeleke. Ila cha kila siku, dakika tano jioni zinatosha kama hukukiacha kikafa kabisa.

Kijana wa Nyakato
Dada, unakatia wapi? Kama ni kwenye sementi au vigae, utanoa kila siku. Tafuta ubao. Wala usinolee kwenye yale majabali ya ziwani, punje zake ni kubwa, yanachana makali.

Muuza Minofu, Kirumba
Ni kwenye sementi kweli! Ubao nanunua kesho pamoja na jiwe. Kile cha bluu nikitupe?

Mzee wa Mwaloni
Usikitupe. Kipaie magamba kwa sasa. Jifunzie kunoa hichohicho. Kadiri unavyokinoa bluu inapungua, hadi ufike kwenye chuma kizima.