Mjadala: Je, shirikisho linatibu nchi iliyotoka vitani, au linaufunga mgawanyiko ndani ya katiba?

Ndugu wachangiaji, kila vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapokaribia kumalizika, huzuka hoja kwamba kila kundi lipewe eneo lake lijitawale na serikali kuu ibakiwe na machache. Mfano unaotajwa sana ni Bosnia na Herzegovina, nchi ya kusini-mashariki mwa Ulaya, nami naomba tuukague kabla ya kuusifu.

Mkataba wa amani wa Dayton, uliomaliza vita vya huko na kutiwa saini Paris tarehe 14 Desemba 1995, uliigawa nchi sehemu mbili: Shirikisho la Wabosniaki na Wakroatia lenye asilimia 51 ya ardhi na kantoni (majimbo madogo) 10 ndani yake, na Republika Srpska, sehemu ya Waserbia, yenye asilimia 49. Urais ukawa wa watu watatu, mmoja kwa kila kundi. Bunduki zilinyamaza, sikatai, lakini ramani hiyo iliingia pamoja na askari wapatao 60,000 wakiongozwa na NATO, kwa hiyo si haki kuipa peke yake sifa zote.

Gharama yake ni hii: Dervo Sejdić, Mromani, na Jakob Finci, Myahudi, hawakuweza kugombea urais wa nchi yao wenyewe kwa sababu hawamo katika makundi hayo matatu, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitamka mwaka 2009 kwamba huo ni ubaguzi. Katika baadhi ya kantoni, watoto wa Kibosniaki na wa Kikroatia husoma katika jengo moja lakini kwa mitaala miwili, kila upande na walimu wake.

Sasa tazameni namba za magari. Baada ya vita, namba ilimtangaza dereva anatoka upande gani, na wengi waliogopa kuvuka mstari unaozigawa sehemu hizo mbili. Mwaka 1998 zikaletwa namba za aina moja, zenye herufi zinazofanana katika maandishi ya Kilatini na ya Kisirili (yanayotumiwa na Waserbia), kama A, K na M, na askari wa barabarani hakuweza tena kusoma kabila la mtu kwenye bampa. Hatua hiyo iliunganisha, haikugawa, na kwangu mimi ndiyo iliyowarudishia watu barabara.

*Jibu la mchangiaji:*

Ndugu mtoa mada, naomba kutofautiana nawe. Namba hizo hazikutokana na maelewano ya wenyeji. Ziliamriwa na Mwakilishi Mkuu wa kimataifa, msimamizi wa utekelezaji wa mkataba huo, na amri ya mgeni haiwezi kuwa mfumo wa kudumu wa kuendesha nchi. Isitoshe, mwaka 1995 Waserbia wangekubali vipi kutia saini bila kuhakikishiwa eneo lao? Vita vilikuwa vimekwisha kuua watu wapatao 100,000. Ukiiondoa ramani ile mezani, tueleze ungeweka nini mahali pake siku ileile, maana waliozingirwa Sarajevo hawakuwa na muda wa kusubiri katiba nzuri zaidi.