Vikao vya mtandaoni vya kura ya diaspora: sisi wa Saudia ni wa kupigwa picha tu?

Wadau, nimenyamaza vya kutosha. Hawa wenzetu wanaoandaa vikao vya mtandaoni kuhusu kura ya Wakenya walio nje, haki za raia, sijui ushiriki wa wananchi, wanamwandalia nani hasa? Kila hotuba inaanza na "dada zetu walioko Ghuba". Hao dada zenu ndio sisi, na kikaoni hatumo.

Tuanze na saa. Tangazo la mwisho lilisema saa 1 jioni kwa saa za New York. Piga hesabu: hapa Riyadh ni saa 8 usiku. Riyadh na Nairobi saa ni moja, kwa hivyo hata walioko nyumbani wamelala. Mfanyakazi wa ndani hapa akibahatika anaweka ubavu chini saa 6, na saa 11 alfajiri madam anataka watoto wawe wamevaa. Halafu mnaandika "Wakenya wote duniani karibuni". Wote gani?

Nilikesha. Kwa bando langu, maana wayalesi ya nyumba huzimwa usiku, sikio moja kwenye simu na jingine mlangoni. Mwendeshaji akamshukuru mgeni wa kwanza, mgeni wa kwanza akamshukuru mwendeshaji, wa pili akawashukuru wote wawili kisha akatueleza maisha yake tangu shule ya upili. Kiingereza mwanzo mwisho, tena kile cha kuombea ufadhili. Katiba ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Dada mmoja aliandika kwenye gumzo, "Tafadhali Kiswahili kidogo." Alijibiwa kwa kimoyo chekundu. Kimoyo!

Mimi nilikuwa na swali moja. Sheria ya uchaguzi inataka kitambulisho cha taifa au pasipoti ndipo uandikishwe. Kitambulisho changu kiko kwa mama, Kilifi. Pasipoti anayo kafili, yaani mwajiri anayenidhamini hapa, tangu siku niliyoshuka uwanja wa ndege. Ndiyo, hata sheria ya hapa inamkataza mwajiri kukalia pasipoti ya mfanyakazi, lakini nendeni mkamwambie yeye hayo saa 8 usiku. Je, nitajiandikisha kwa hati gani? Maiki zetu zilikuwa zimefungwa, nikaandika. Swali likapanda juu, likafunikwa na "Hongereni sana" na bendera za Kenya. Nikaandika tena. Mwendeshaji akasema swali ni zuri, litajibiwa nje ya kikao. Nje wapi? Mpaka leo sijaona mtu.

Lililonitia hasira kabisa likaja mwishoni: "Washeni kamera tupige picha ya pamoja, na kila mtu aandike jina lake kamili na mji alipo." Jamani! Hii ni nchi isiyoruhusu vyama vya siasa wala maandamano. Mimi niko kwenye chumba cha nguo za kufua katika nyumba ya watu, mnataka uso wangu na jina langu viende kwenye kurasa zenu chini ya maandishi "Vijana wa Ghuba wadai haki zao". Mwenye kurudishwa nyumbani bila mshahara ni nani, mimi au wewe uliye Texas? Mtu anayefundisha haki za raia na hajui kwamba usalama wa aliyemwalika ni haki, anafundisha nini?

Na laiti kungekuwa hakuna la kufundisha. Lipo tele! Semeni wazi kwamba mwaka 2022 kura ya nje ilipigwa katika nchi 12, na kwa upande wa Ghuba vituo vilikuwa Qatar na Falme za Kiarabu tu. Saudia, yenye maelfu kwa maelfu ya Wakenya, haikuwa na kituo. Walioandikishwa nje dunia nzima walikuwa 10,443 katika daftari la wapiga kura zaidi ya milioni 22. Fedha tunazotuma diaspora nzima mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazotuma nyingi. Pesa zetu zinafika bila kikao. Ibara ya 82 ya Katiba inataka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha walio nje hatua kwa hatua. Tangu 2010! Hizo hatua ni za kinyonga.

Semeni pia kwamba kura ya nje ni ya rais peke yake. Dada kutoka Kakamega aliuliza atampigiaje mbunge wake kura akiwa Jeddah, watu wakamcheka kwa vile vikaragosi vya machozi. Angelijuaje, na tangu kikao kianze hakuna aliyelitamka?

Na hili ndilo linaloniuma. Mikataba yetu wengi ni ya miaka 2. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mtu hawezi kuandikishwa mara mbili. Akitaka kupigia kura kwingine lazima ahamishe kituo, na uhamisho hufungwa kabla ya uchaguzi. Sasa tuseme Saudia ipewe kituo, nikahamisha kura yangu kutoka Kilifi, halafu mkataba ukaisha Mei au kafili akanirudisha Juni. Nitakuwa Kilifi na kura yangu iko Riyadh. Nisipohamisha na mkataba ukaongezwa, niko Riyadh na kura iko Kilifi. Hesabu hii mwenye makazi ya kudumu Marekani haimhusu, ndiyo maana haijawahi kuingia kwenye ratiba. Sisi ndiyo tunayolala nayo.

Nataka nini? Kikao kiwe Ijumaa mchana wa huku, walau wale wenye mapumziko waingie. Kiswahili. Kamera zifungwe na majina ya bandia yaruhusiwe. Mtu wa tume ya uchaguzi au wa ubalozi aje ajibu maswali, asije kupokea salamu. Na msituwekee video yenye urefu wa saa mbili. Bando halimwagiki kama maji. Andikeni majibu ukurasa mmoja, yatumwe WhatsApp, kila mtu atasoma jikoni wakati wali unaiva.

NYONGEZA: Nimeona wanaoniambia nijitolee badala ya kulalamika. Nilishajaza ile fomu ya kamati. Sehemu ya "mwajiri wako" na "wasifu wa kitaaluma" ilikuwa ya lazima, nikaandika mfanyakazi wa nyumbani. Nasubiri barua.

NYONGEZA 2: Anayeuliza inbox nimetumwa na chama gani, mwambieni hapa chama ni madam na watoto wake watano. Mwenye jibu la lile swali la pasipoti aliweke hapahapa chini, wengine nao wasome.