Mtu asiyeumwa auziwe metformini ya kuzuia uzee? Tujadili

Mwana wa Mzizima (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo nataka tulichambue bila kutukanana.

Kuna watu wazima, hela ipo, hawana sukari wala presha, wanaingia duka la dawa na kuomba metformini, kidonge cha wagonjwa wa sukari. Hawamchukulii mama mgonjwa nyumbani. Wanameza wao, kwa sababu wamesikia inachelewesha uzee. Waliokubuhu wanaulizia rapamaisini, dawa ya waliopandikizwa figo, na wengine wanatema mate kwenye kichupa wanayatuma nje ya nchi wapimwe vinasaba, wajue wale nini na waache nini. Swali: duka liwauzie au liwakatalie? Mimi nasema liwakatalie.

Wengi wamevutwa na Bryan Johnson, yule tajiri wa Marekani ambaye kampuni yake ya malipo ilinunuliwa kwa dola milioni 800 mwaka 2013. Tangu 2021, kwa maneno yake mwenyewe, anatumia kama dola milioni 2 kwa mwaka kuurudisha mwili wake ujanani. Watu wanaangalia picha za kifua chake, hawaangalii alivyoviacha. Mwaka 2023 alijitia plasma ya damu ya mwanawe, hakuona faida, akaacha. Rapamaisini alimeza karibu miaka mitano, mwaka 2024 akaachana nayo: maambukizi ya ngozi, mafuta ya damu kuvurugika, sukari kupanda, moyo kwenda mbio hata akiwa ametulia. Na huyo ana jopo la madaktari. Wa kwetu ana kundi la WhatsApp.

Rapamaisini yenyewe siibezi. Ilitokana na bakteria waliokutwa kwenye udongo wa Rapa Nui, kisiwa cha Pasifiki, uliochukuliwa mwaka 1964. Marekani waliiruhusu 1999 kwa waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae figo ngeni. Kwa hiyo kazi yake ni kupunguza makali ya kinga ya mwili. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba panya walioanza kulishwa dawa hiyo wakiwa na siku 600, wazee tayari, waliongezewa umri: majike asilimia 14, madume 9. Dunia ikachangamka. Lakini panya wale walikaa kwenye vizimba safi vya maabara. Sisi wengi tuna vijidudu vya TB vimelala mwilini na hatuna habari, na kinachovizuia kuamka ni kinga hiyohiyo.

Metformini ni salama zaidi, nakubali. Ila imani kwamba inarefusha maisha ya mtu mzima wa afya imesimama juu ya nini? Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Uingereza ulioonyesha wagonjwa wa sukari wanaoitumia waliishi muda mrefu zaidi kidogo hata kuliko wasio na sukari. Mwaka 2022 Wadenmark wakachunguza kumbukumbu zao, jambo hilo hawakuliona. Jaribio lenyewe la kumaliza ubishi, la Dkt. Nir Barzilai wa New York, lilipangwa kuchukua watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79 kwa miaka sita. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilijadiliana naye tangu 2015. Limekwama mwaka baada ya mwaka kwa kukosa pesa, kwa sababu kidonge ni cha bei rahisi na hakuna kampuni itakayotajirika nacho.

Nipingeni.

Kibubu

Mkuu, nakupinga. Mwili wangu, hela yangu.

Nikitaka chupa tatu za pombe kali sasa hivi, nauziwa na chenji narudishiwa. Sigara nauziwa. Vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume, linatembezwa stendi mchana kweupe, ndani yake kuna nini hajui anayeuza wala anayelamba, na hakuna aliyeanzisha mada kulipinga. Metformini imetibu binadamu tangu 1957 kule Ufaransa. Madhara yake yanajulikana, bei yake haimfilisi mtu. Yaani nizuiwe kile kilichopimwa, niachiwe kisichopimwa?

Halafu unasema tusubiri jaribio ambalo wewe mwenyewe umesema limekwama. Nina miaka 52, mkuu. Nisubiri mpaka lini?

Duka la Kona

Mimi ni mfamasia, niongee kama mtu wa kaunta.

Kisheria metformini ni dawa ya cheti cha daktari. Hilo lingetosha kufunga mjadala, lakini wote tunajua maduka yanavyoendeshwa, kwa hiyo tuliache.

Ndugu Kibubu, kwanza figo. Dawa hii inatoka mwilini kupitia figo, na figo mbovu haiumi mpaka mambo yameharibika. Wanaokuja kwangu kuomba "ya kuzuia uzee" sijamwona aliyekuja na kipimo cha figo mkononi. Pili, ukiitumia muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, ganzi ya miguu inaanza, unadhani ni uzee wenyewe unabisha hodi. Tatu, na hili ndilo linanichekesha: mwaka 2019 tafiti mbili za Marekani ziliwapa wazee metformini huku wakifanya mazoezi. Waliopewa dawa walipata faida ndogo ya mazoezi kuliko waliopewa kidonge kitupu, wengine upande wa misuli, wengine upande wa mwili kutumia sukari na pumzi. Sasa wewe unaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, kisha unameza kitu kinachokula mbio zako.

Kuna jingine la huku kwetu Kanda ya Ziwa. Wateja wanakuja na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, wakishangilia namba imeshuka. Huku waliobeba kinasaba kimoja cha selimundu ni wengi, wazima kabisa, hawaumwi. Kwa watu hao kipimo hicho huweza kusoma chini kuliko hali halisi. Namba nzuri, sukari ileile. Vipimo hivi na viwango vyake havikupangwa kwa kutuangalia sisi, na mtu anayejitibu kwa namba anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kichupa.

Babu wa Tukuyu

Wajukuu, mnataka kufika miaka 120. Mimi nina 78 na shamba limeshanishinda. Hiyo arobaini ya ziada mtalishwa na nani?

Bi Mkunazini

Assalaam alaykum nyote. Babu, shikamoo, umenichekesha.

Mleta mada, naona mnagombania kidonge cha matajiri wakati tiba ya kumpimia mtu kulingana na damu yake ni suala letu la zamani, na hatukulianza na Johnson. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Lapdap. Vijana hamtaikumbuka. Ilikuwa dawa ya malaria ya bei nafuu, iliyokusudiwa Afrika, ikapata kibali Uingereza mwaka 2003. Ndani yake mlikuwa na dawa iitwayo dapsoni. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, dapsoni inapasua chembe nyekundu za damu yao. Na upungufu huo umeenea hasa kwenye nchi zilizoishi na malaria karne na karne, kwa sababu unampa aliye nao kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo dawa ilipelekwa palepale penye watu ambao ingewadhuru. Majaribio makubwa yakaonyesha watoto wenye upungufu huo wakiishiwa damu, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni. Ndugu zetu walioko Muscat wanaijua G6PD vizuri, maana Oman ni nyingi mno. Mtoto akigundulika nayo anakatazwa ful, yale maharage mapana, na familia nzima inajua. Huku kwetu ni wangapi wanajua yao?

Wa pili ni efavirenzi, ARV iliyotumiwa na mamilioni kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake. Nimehudumia wagonjwa enzi hizo. Mtu anakwambia, "Dada, nikimeza usiku naota vitu vya kutisha, asubuhi natembea kama mlevi." Wakaambiwa wavumilie, wengine wakaambiwa wamerogwa, wengine wakaacha dawa kimya. Kumbe Waafrika wengi tuna aina ya kimeng'enya cha ini kinachoivunja dawa ile polepole, ikawa inarundikana mwilini. Profesa Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walilisema hilo mapema. Dozi ilikuwa miligramu 600 kwa kila mtu mzima. Baadaye majaribio yakaonyesha 400 inatosha.

Hiyo ndiyo tiba binafsi ninayoitaka mimi: kipimo cha G6PD kwenye zahanati, dozi iliyopangwa kwa damu za hapa. Metformini ya Kibubu wala hainikoseshi usingizi.

Kibubu

Bi Mkunazini, asante, umenisaidia bila kujua. Kama dozi ya wastani iliwaumiza watu wetu kwa sababu wastani wenyewe ni wa wengine, basi hata hilo jaribio la Barzilai likiisha litanipa jibu la Mmarekani wa miaka 70. Halitanihusu. Njia iliyobaki ni nijipime mimi juu yangu mimi. Nameza, naangalia, naandika. Si ndiyo tiba binafsi hiyo?

Mwenge wa Minnesota

Naingilia kidogo kuhusu vinasaba, maana niko huku yanakopelekwa mate.

Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichota taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba kwa mate, na Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba kinga ya ufilisi. Nywila ikiibiwa unabadilisha. Vinasaba vyako unabadilishaje? Na ni vya wanao pia, ambao hukuwauliza.

Kuhusu ubora wa majibu: ule ubashiri wa "una hatari kiasi hiki ya moyo au sukari" umejengwa juu ya tafiti ambazo washiriki wake wengi mno wana asili ya Ulaya. Kwa mtu wa asili ya Afrika ubashiri unalegea sana. Unalipia jibu la jirani.

Ila sikubaliani na wanaosema tujitenge. Moja ya dawa kali kabisa za kushusha kolesteroli leo, zile za kuzuia PCSK9, protini inayopandisha kolesteroli, njia yake ilifunguka Dallas. Watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen waligundua kwamba takriban asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walizaliwa na nakala moja ya kinasaba cha protini hiyo ikiwa imezimika, kolesteroli yao iko chini na ugonjwa wa moyo ni nadra sana kwao. Kisha akapatikana mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyekuwa na hali kama hiyo kwa kiwango cha juu kabisa, mzima wa afya. Dawa zikaruhusiwa 2015. Damu ni ya watu wa asili yetu, sindano ni za bei ambayo nyumbani wachache wanaimudu. Hilo ndilo la kupigania.

Bi Mkunazini

Kibubu, hoja yako ni nzuri na nimeilalia usiku. Lakini ina tundu.

Mgonjwa wangu wa efavirenzi alijua ndani ya wiki kwamba kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu mwili ulimwambia. Uzee hausemi. Ukimeza metformini leo, utaangalia nini kesho ujue inakufaa? Kuna vile vipimo vya "umri wa mwili" vinavyosoma alama za kwenye vinasaba. Kipimo kimoja kinakwambia una 47, kingine siku hiyohiyo kinakwambia 55. Ukifika miaka 85 hutajua kama ni kidonge, ni bibi yako aliyefika 90, au ni mbio za alfajiri. Peke yako huwezi kujua. Wakikusanyika watu elfu tatu ndipo kitu kinaonekana, na hao elfu tatu ningependa wawe wa Temeke, Kisumu na Pemba.

Tena mfano upo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, watu 728 wenye presha. Walilinganisha dawa mbilimbili, ikaonekana michanganyiko yenye amlodipini inashusha presha vizuri zaidi kwa watu wetu kuliko ule usio nayo. Amlodipini ipo kwenye maduka yetu na kiharusi tunakiona kila mtaa. Umri wa kuishi unaoongezeka kwa njia hiyo hauna shaka. Presha yako ni ngapi, Kibubu?

Kibubu

Sijapima tangu mwaka juzi. Lakini hilo haliondoi haki yangu.

Mwana wa Mzizima (mleta mada)

Basi nipunguze ukali. Auziwe, kwa masharti: apimwe figo na presha kwanza, jina liandikwe, arudi baada ya miezi sita. Duka la Kona, inawezekana?

Duka la Kona

Kipimo cha figo analipa nani? Bima haitalipia mtu asiyeumwa. Daftari nitaandika, ila mtu wa namna hii harudi baada ya miezi sita, anarudi dawa ikiisha au harudi kabisa. Kwangu itabaki cheti kwanza. Najua akivuka barabara atauziwa, na kesho atapita hapa kununua maji huku ananicheka.

Presha nampimia bure, hata leo. Kibubu, uko mkoa gani?