Naomba ushauri: teknolojia ndiyo hubadili dunia, au aliyeishika?

Habari zenu wakuu. Niko kidato cha sita hapa Kigoma, nimepewa insha ya kueleza jinsi teknolojia inavyobadili dunia. Wenzangu wote wamekimbilia simu na intaneti. Mimi nimeng'ang'ania reli.

Hoja yangu ni hii. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, pembe za ndovu na watumwa wakipelekwa pwani kwa miguu. Reli ya kati ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Wapagazi wakakosa kazi, na shughuli za mji zikatoka Ujiji zikahamia jirani, Kigoma, ilipo stesheni na bandari. Lakini Tabora, nayo ya misafara vilevile, haikuachwa pembeni. 1928 ikawa njia panda ya reli ya kwenda Mwanza. Reli ileile, matokeo tofauti! Hapo ndipo ninapokwama: niseme teknolojia ndiyo iliyobadili, au aliyechora ramani? (Mjerumani sidhani kama aliwauliza watu wa Ujiji.)

Nataka pia kugusa wavuvi wa dagaa walioacha karabai wakahamia taa za sola. Mjomba anasema mafuta ya taa yalikuwa yanamla faida yote. Ila naogopa mfano huo utaivuruga insha.

Mliosoma Historia, nichimbe mfano mmoja tu? Na wenyeji wa Ujiji, nianzie kwa wazee gani, maana aliyeiona 1914 hayupo? Msiniandikie insha, nataka njia tu. Nakusanya Ijumaa.